Uzi maalumu wa tuliokulia miji midogo kabla ya simu na televisheni: naanza na Tabora ya miaka ya 80

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Juzi umeme ulikatika kwangu na simu zote za ndani zilikuwa zimeisha chaji. Mwanangu wa miaka tisa alikaa kimya kama mgonjwa, kisha akaniuliza, "Baba, nyie mlikuwa mnafanya nini usiku?" Nilianza kumjibu, yeye akasinzia mapema, lakini mimi usingizi ukanipotea kabisa. Yaliyobaki nayaleta huku, nanyi mlete ya kwenu.

Nimezaliwa Tabora mwaka 1975, mtaa wa Isevya, baba akiwa mtu wa reli. Reli ya kati iliingia Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likamalizika. Kwa hiyo treni ya kutoka Dar ikifika pale lazima igawanywe, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule. Ile kazi ya kukata na kuunga mabehewa usiku ndiyo iliyokuwa inatubembeleza. Behewa la kwanza linagonga, la pili linapokea, mlio unakwenda hivyo hivyo mpaka la mwisho kule gizani. Mgeni akilala kwetu siku ya kwanza hushtuka. Sisi tulikuwa tunashtuka usiku ambao kuko kimya, maana hapo ujue asubuhi utasikia wakubwa wakisema reli imesombwa na maji kule Kilosa.

Treni ikiingia mchana, watoto wote stesheni. Mimi nilikuwa nauza karanga za mama, kipimo kikombe kidogo cha kahawa. Kina mama wengine walipanga asali kwenye chupa, kuku waliofungwa miguu, na mafungu ya michembe na matobolwa. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa vibichi vikaanikwa, matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinaanikwa. Ukiweka tobolwa moja mdomoni asubuhi, saa nne bado unalitafuna. Abiria walituachia makopo matupu ya maziwa, na kopo halikuwa takataka kwetu. Fundi analitoboa, anaweka utambi, unapata koroboi ya kusomea mwaka mzima.

Na treni ndiyo ilikuwa inaleta mizigo ya kwa babu. Mama yangu ni wa Ujiji. Kikapu cha dagaa kinaandikwa jina la baba na maneno "Reli Tabora", ndugu wanakwenda stesheni Kigoma, wanamwangalia abiria mmoja usoni, wanamkabidhi. Mtu wasiyemjua kabisa. Sijawahi kusikia kikapu chetu kimepotea.

Michezo mnaijua: kombolela, rede, mdako, chandimu ya mpira wa makaratasi na kamba, ringi la baiskeli na kijiti. Msimu wa maembe, kuanzia mvua za kwanza, ndio ulikuwa utawala wetu. Tabora ina miembe kila upande, barabara nzima kivuli, na mwenye mwembe hakuwa na ubavu wa kuzuia watoto. Tulikula mabichi kwa chumvi na pilipili, tukala mabivu, tukala mpaka midomo ikababuka kwa utomvu.

Nitaendelea. Karibuni.

Korogwe Mjini

Mkuu umenigusa pale kwenye mlio wa mabehewa. Sisi reli yetu ya Tanga, lakini ni mlio ule ule. Hapa nilipo sasa nasikia bodaboda tu.

Binti Songea

Ahsante kwa uzi huu kaka. Sisi Songea treni hatukuwa nayo, ila miaka hiyo ya 80 kuna kitu tulikuwa nacho sawa na ninyi: foleni. Baada ya vita vya Kagera vitu viliadimika, na mama alikuwa ananiamsha alfajiri kwenda kuweka jiwe dukani. Ndiyo, jiwe. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda shule, ukirudi jiwe limesogea. Waliobaki wamekusogezea. Nilikuwa na jiwe langu jeupe, nalitambua mpaka leo.

Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Na ule unga wa njano tuliouita unga wa Yanga! Ndugu yangu mmoja Simba damu alikuwa hataki kuula, anakula mboga peke yake, mpaka njaa ikamshinda.

Nakumbuka nguo ya sikukuu. Gauni moja, linashonwa refu makusudi, pindo linakunjwa vidole vinne, kila mwaka mama anafumua pindo kidogo. Gauni langu la Pasaka lilikua pamoja nami miaka mitatu.

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Dada Binti Songea, jiwe! Kwetu wengine waliweka tofali, wengine kidumu kilichotoboka, na kila mtu alijua kidumu hiki ni cha nyumba ipi.

Sasa nije kwenye redio, maana ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu.

Sisi tulikuwa na redio National ya betri nne kubwa. Ilivalishwa kitambaa mama alichodarizi mwenyewe, ikakaa juu ya kabati, na mtoto haruhusiwi kugusa. Idhaa ni moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa ni moja, ukipita Isevya saa mbili kasoro usiku, zikianza zile ngoma za taarifa ya habari, ulikuwa unaweza kutembea kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho na habari isikukatike. Sentensi inaanzia nyumba ya kwanza inaishia ya kumi. Siku Mwalimu alipotangaza kifo cha Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, nilikuwa na miaka tisa kama huyu mwanangu sasa. Sikuelewa kitu, ila niliona watu wazima wanatoka nje ya nyumba zao na kusimama tu barabarani.

Mpira ndio usiseme. Simba na Yanga wakicheza, mwenye betri mpya analeta redio chini ya mwembe, na sauti ya Ahmed Jongo inatuchezea mechi nzima. Nilikuwa naona uwanja, naona jezi, naona vumbi. Nilipoingia Uwanja wa Taifa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilikuta ni mdogo kuliko ule niliokuwa nikiuona chini ya mwembe.

Betri ndiyo ilikuwa tatizo. Zikichoka tunazianika juu ya bati, jua likizipiga siku nzima zinapata nguvu ya taarifa ya habari moja na matangazo ya vifo. Baba alikuwa anazibonyeza kwa meno. Wengine waligonga na jiwe. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, nyumba nyingi zinakuwa bubu. Shikeni hilo la mvua, nitalirudia.

Ng'ambo Unguja

Siye Zanzibar televisheni tuliipata tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, na bara mkangoja mpaka 1994. Lakini msidhani kila nyumba ilikuwa nayo. Mtaani kwetu ilikuwa moja, kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Jioni mkewe anatandika majamvi uani, watoto wa mtaa mzima tunakoga, tunavaa nguo safi, tunakwenda kama tunakwenda madrasa. Yule bibi anapita na tochi anakagua miguu. Mwenye miguu michafu anarejeshwa kwao.

Sikumbuki vipindi vingi. Nakumbuka harufu ya udi aliokuwa akifukiza kabla hatujaingia, na kwamba mwisho wa matangazo sote tulikuwa tunasema "kwa heri" kwa yule mtangazaji, tukiamini anatusikia.

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Ng'ambo Unguja, hiyo ya kukaguliwa miguu nimeisoma mara tatu. Mungu ambariki bibi yule.

Kabla sijafika kwenye la mvua, niseme la barua. Nilijua kuandika vizuri mapema, kwa hiyo nikiwa darasa la tatu nikafanywa karani wa mtaa. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mwanawe alikuwa bandarini Dar. Kila mwezi ananiita, ananikatia kipande cha muhogo, ananipa karatasi. Mwanzo haubadiliki, wote mnaujua: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tukimaliza hapo, bibi ananyamaza. Ananyamaza muda mrefu sana. Kisha anasema, "Andika kwamba mbuzi amezaa."

Yule mbuzi alikuwa amezaa tangu Machi. Ilikuwa Agosti. Mimi nikaandika, kwa sababu nilishajua kwamba bibi ana mengine ambayo hawezi kumwambia mtoto ayaandike. Barua inatumwa kwa sanduku la posta la baba kazini, jibu linakuja wiki tatu baadaye, namsomea. Akishasikia ananiambia, "Soma tena pale alipotaja mbuzi."

Mzawa wa Nzega

Nitasema kitu ambacho wengi hawatakipenda. Na mimi nimekulia maisha hayo hayo, tena jirani zenu tu. Mdogo wangu alifariki kwa surua mwaka 1983. Alianza homa jioni, baba hayupo, gari hakuna, wa kumpigia hayupo. Mama alimbeba mgongoni usiku kucha. Kila nikisoma nyuzi za namna hii natamani ningekuwa na hii simu ninayoandikia, usiku ule tu, halafu wangeichukua.

Siwakatazi kukumbuka. Nami nimefurahi sana kusoma habari za matobolwa. Ila na yeye nimemkumbuka, nikaona nimtaje.

Binti Songea

Pole sana Mzawa wa Nzega. Umefanya vizuri kumtaja.

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Kaka wa Nzega, pole. Umesema kweli na wala hujaharibu uzi. Hili ninaloleta sasa liko karibu na la kwako, na ndilo nililoshindwa kumwambia mwanangu juzi.

Ilikuwa mwaka 1985, mvua za kwanza. Ilinyesha siku mbili, betri zetu hazikupata jua, redio bubu juu ya kabati na kitambaa chake. Baba alikuwa zamu ya usiku. Siku ya pili jioni mvua ikakata, na mnajua mvua ya kwanza ikikata Tabora kinachotoka ardhini: kumbikumbi. Tuliweka beseni la maji uani, koroboi katikati, wanakuja kwenye mwanga, wanadondoka, sisi tunachota. Mama alikuwa anawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, anaimba chini chini. Alikuwa na furaha. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Ngoma za taarifa ya habari zikasikika kwa jirani mmoja mbali, redio nyingi za mtaa siku hiyo zilikuwa zimenyamaza kama yetu. Hatukujali. Kama nusu saa baadaye akaja mama mmoja mshona cherehani, na chemli mkononi. Akasema amekuja kuazima kinu. Mama akamwambia kinu kile pale, chukua. Hakuchukua. Akakaa, akaanza kutoa mabawa ya kumbikumbi pamoja nasi. Akaja mwingine, yeye eti moto wake umezimika. Naye akakaa. Akaja mke wa mfanyakazi mwenzake baba. Akaja yule bibi wa mbuzi, ambaye usiku alikuwa hatoki kabisa kwa sababu ya macho. Kila mmoja ana neno lake dogo la kuombea, na hakuna anayeondoka. Mama akacheka, akasema, "Leo mmeona harufu ya kumbikumbi."

Hakuna aliyecheka naye. Mimi nikatazama viuno vyao. Wote walikuwa wamejifunga kanga.

Walipofika kama wanane, bibi wa mbuzi akasogea mpaka kwenye kigoda cha mama, akamwondolea mwiko mkononi, akaushika ule mkono. Kwenye matangazo ya vifo walikuwa wamesikia jina la babu, na "habari ziwafikie bintiye aliyeko Tabora". Alikuwa amezikwa siku iliyotangulia huko Ujiji.

Mwanamke mmoja aliwahi zile kumbikumbi zisiungue. Mwingine alitubeba sisi watoto kwake. Mtu alitumwa stesheni kumwita baba, na kabla ya saa nne usiku nauli ya treni ya Kigoma ilikuwa imeshachangwa, imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama.

Mama hakuamini. Alisema jina la baba yake wanalo watu wengi. Basi mzee mmoja jirani, yule ambaye redio yake ndiyo iliyosikika, alikwenda kwake, akatoa betri zake nne, akaja kuzitia kwenye redio yetu. Akasema tangazo litarudiwa asubuhi, usikie kwa masikio yako. Wakakaa naye mpaka asubuhi. Likarudiwa.

Mwaka juzi dada yangu mkubwa alipofariki, taarifa ilinifikia kwenye kundi la familia la WhatsApp saa tano asubuhi. Nilikuwa kwenye foleni ya magari Ubungo, peke yangu ndani ya gari. Watu 64 waliandika pole kabla taa haijawaka kijani. Niliwasoma wote. Nyuma wakaanza kunipigia honi.

Korogwe Mjini

Pole sana mkuu, kwa dada na kwa babu. Nimesimamisha kazi.

Voi Stesheni

Poleni ndugu zangu wa Bara. Kwetu Voi ilikuwa vivyo hivyo, redio ya taifa jioni na matangazo ya vifo, nyumba nzima kimya, nyanya yangu anahesabu kwa vidole majina ya ukoo. Alikuwa haruhusu mtu kutia kijiko sahanini mpaka yamalizike. Na sisi wa pwani twajifunga leso, si kanga, lakini jambo ni lilo hilo moja. Leso ikishafungwa kiunoni, mtoto wajua.

Mzawa wa Nzega

Mtoto wa Isevya, ahsante. Swali moja tu. Babu yenu alikuwa anaumwa? Mama alikuwa anajua?

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Hakujua. Barua ya kaka yake kwamba mzee hajiwezi, njoo, tuliipokea sisi watoto mama akiwa bado msibani. Baba aliiweka ndani ya kitabu, akampa baada ya arobaini.

Swali lako lilinisumbua, kwa hiyo leo mchana nimempigia. Bado yupo Tabora, nyumba ile ile, anaona vizuri kunizidi mimi. Nikamsomea uzi huu wote, hata sehemu yako, akanyamaza pale kwa mdogo wako, akasema nikupe pole na kwamba atamwombea.

Nikamuuliza: mama, kama wakati ule ungekuwa na simu? Akajibu papo hapo. Angeitaka. Angejua baba yake anaumwa, angepanda treni akamuuguza, akamlisha uji kwa mkono wake hata siku mbili. Alisema hivyo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikadhani tumemaliza, nikataka kuaga. Yeye akaanza kuwataja waliokuja usiku ule. Nyumba kwa nyumba, kuanzia upande wa kisima: yule wa cherehani, kwamba alikuja na mtoto mchanga akamlaza juu ya gunia la karanga. Yule aliyesema moto umezimika, kwamba ndiye aliyemsuka nywele alfajiri kwa safari. Bibi wa mbuzi, kwamba alimfungia matobolwa ya njiani. Wawili kati yao mimi nilikuwa nimewasahau kabisa. Alipomfikia yule mzee akasita.

"Zile betri zake," akasema, "hatukumrudishia."